Aanze Mama Huyu

Nosim alikunja kanga mara nne akaikalia, damu isifike kwenye benchi. Alitoka Soitsambu, Kiswahili hajui. Walikutana kwenye lori Karatu, yeye na Clemensi, mkulima wa Daa aliyejifunza Kimaasai kwa kuchunga ng'ombe wa watu. Tangu hapo Clemensi ndiye aliyemsemea, mpaka hospitali hii ya Dar.

Daktari alifungua mafaili mawili.

"Mashine ya mionzi nchi nzima ni hii, na imebaki nafasi moja. Kesho kutwa tunaifunga. Vipuri havijafika, tunaambiwa ni vita." Akamgeukia Clemensi. "Wewe una kovu limekaza, uume umepinda. Unaumia, najua, lakini ugonjwa huu hauui. Pengine kovu litalainika lenyewe. Mama huyu ana saratani ya kizazi."

Aanze mama huyu. Maneno matatu tu, mtoto angeyasema. Clemensi alimfikiria mkewe, Hyasinta, mwaka wa pili hawagusani, ambaye mama mkwe anamwambia kila siku arudi kwao kwa sababu hazai. Akayameza.

Juu ya faili lake kulikuwa na barua ya Katibu wa Chama, binamu yake, yenye muhuri.

"Katibu amepiga simu mara mbili," daktari alisema, macho chini. "Mwenye nguvu mpishe. Mwambie mama arudi mwezi wa sita."

"Anasemaje, ndugu yangu?" Nosim aliuliza kwa Kimaasai.

Clemensi aliona haya, na haya ikamfundisha uongo.

"Anasema wanaanza na aliye mahututi. Wewe unaweza kusubiri."

Nosim alimtazama kwa huruma. Akatema mate kidogo kiganjani, akampaka kwenye paji la uso, baraka ya kwao.

"Kumbe wewe ndiye unayekufa, na siku zote unanibebea mzigo. Enkai akuponye."

Mwaka uliofuata Koinet, mume wa Nosim, alifika Daa kwa miguu, na kibuyu cha maziwa begani.

"Mama watoto alituacha kabla ya huo mwezi wa sita," alisema kwa Kiswahili cha kuokoteza. "Aliniagiza nije nimwone yule mgonjwa mahututi, kama bado anapumua."

Hyasinta alitoka ndani, tumbo mbele, akapokea kibuyu.

"Mgonjwa gani, shemeji?"

Koinet aliliangalia lile tumbo, kisha akamgeukia Clemensi. Clemensi akainamisha kichwa, akakohoa kama mgonjwa.