Jina Chini ya Barua

Mama alimwandikia dada yangu Noreen barua kumi na tisa. Mimi hakuniandikia hata moja. Mimi nilikuwepo, wa kufokewa ana kwa ana.

Noreen alichukuliwa na gari la serikali akiwa na miaka minne, kwa sababu rangi yake ilikuwa ya maji ya kunde, na watoto wa rangi hiyo serikali iliwataka walelewe kizungu. Mimi niliyefanana na birika la motoni hawakunitaka. Barua, alizozipitishia kwa maofisa, hazikumfikia kamwe. Zilikaa kwenye faili huko Perth miaka thelathini na mitano. Mwaka huu mafaili yamefunguliwa, na Noreen akarudi nyumbani amezikumbatia kama kichanga. Watu wakamzunguka kwa mkia wa kangaruu na mkate uliookwa kwenye majivu. "Kula, Noreen, mwanetu." Mimi nikaambiwa, "Dulcie, chochea moto."

Kamati ikamchagua yeye azisome Siku ya Kuomba Radhi, siku ya kuwakumbuka watoto waliochukuliwa, mbele ya wazungu wa halmashauri. Mimi nimemwogesha mama miaka sita, nimemzika mvua zilizopita, halafu kipaza sauti apewe mgeni!

Siku moja kabla, alijizoeza mezani kwangu. Alisoma vizuri, kama mtangazaji wa redio. Mwishoni akasoma na sahihi: jina la mama, wazi kabisa.

Kikombe kilinitoka mkononi. Kwetu jina la marehemu halitajwi mpaka muda wake upite; kulitaja ni kuwatonesha wafiwa kidonda. Tangu mazishi, hata mama wa dukani mwenye jina hilohilo tunamwita Yule. Noreen, aliyelelewa na watu wa mjini, angejulia wapi?

"Nimekosea kitu?" akaniuliza.

"Wapi! Safi kabisa, dada. Kesho soma hivyohivyo."

Nililala usingizi mtamu.

Kesho yake tulijaa kwenye uwanja wa misheni ya zamani. Mbele kabisa alikaa Mama Mkubwa Mavis, dada yake mama, kwenye kiti cha magurudumu. Noreen akaanza barua ya kwanza.

"'Mwambieni Noreen blanketi lake nimelitunza. Dulcie analililia kila siku, simpi.'"

Watu wakacheka, wakanigeukia. Blanketi lile! Nilichapwa fimbo kwa kuligusa tu. Wivu ukanipanda mpaka masikioni. Endelea, nikasema moyoni, shuka mpaka chini.

Akashuka. "'Nijibuni. Ni mimi, mama yake...'"

Nikamwona Mama Mkubwa ameinamisha kichwa, vidole vimeng'ang'ania kiti. Alishajua kinachokuja. Mtego niliutega kwa ajili ya Noreen, na bibi yule ndiye aliyekuwa anaingia.

"Inatosha!" nikapiga ukelele.

Clancy, mwenyekiti wa kamati, akaruka. "Dulcie! Hata leo? Wivu gani huo, mama?"

"Mpeni na yeye barua, anyamaze!" mtu akadakia nyuma.

"Nina barua tatu tu za kusoma," Noreen akasema. "Tatu, Dulcie. Huwezi kunivumilia?"

Nikaenda, nikakifunika kipaza sauti kwa kiganja. "Jina la mama. Hatulitaji bado. Ni mwiko."

Akanikodolea macho. "Jana ulinisikia."

"Nilikusikia."

"Ukasema safi."

"Nilisema."

Nilingoja kofi, na nilikuwa nimelistahili. Aliwatazama akina mama wa mbele, mmoja mmoja, kisha akanisukumia karatasi kifuani.

"Malizia wewe. Soma kwa sauti yake. Mimi siijui."

Nikaanza upya, nikasoma zote tatu jinsi mama alivyokuwa akisema, kwa kufoka na kuvuta pua, mpaka Mama Mkubwa akacheka huku machozi yanamtoka. Kila nilipofika chini ya ukurasa nililiruka jina, nikafungua nyingine. Noreen alisimama ubavuni mwangu muda wote, amenishika mkono, kucha zake zimezama kwenye nyama. Sikuuvuta.