Komeo Upande wa Mama

Bi Sindano alikuwa amestaafu uuguzi kwa miaka kumi na moja, lakini watu wa mtaa wake bado walimwamkia wakiwa wamegeuka kidogo, makalio yakitazama ukutani. Nusu yao aliwadunga yeye. Inasemekana kuna askari mmoja, alidungwa mwaka ule wa homa, hadi leo akipita hapo huvua kofia na kukaza mkanda.

Kila asubuhi alitoa benchi lake, akaliegemeza ukutani kwa nje, barabarani, akakaa. Hapo ndipo alipojua nani ameoa, nani amehama, na nani anasema amepona na hajapona. Uani kwake aliingia kupika na kulala. Ukuta ulikuwa na uwazi wa hatua nne pale ambapo geti lingekuwa, na uwazi huo ulikuwa na umri sawa na nyumba.

Mwanawe mkubwa alifanya kazi ya bima, na kazi ilikuwa imemwingia damuni. Akiona ngazi, aliona mguu uliovunjika. Akiona karanga, aliona mtoto aliyepaliwa. Akiuona ule uwazi, aliona mambo ambayo hata wezi wenyewe walikuwa hawajayafikiria.

"Mama, mimi silali," alisema Jumapili moja. "Ama uweke geti mwezi huu, ama uje ukae kwangu."

"Kwako kule ghorofa ya nne?"

"Kule kule."

"Nitaongea na nani?"

"Kuna televisheni."

Bi Sindano alishawaona wagonjwa wengi wakipewa habari za namna hiyo, na siku zote aliwaonea huruma.

"Geti la aina gani?" akauliza.

"Bamba zima, lisiwe na hata tundu. Lipite kichwa cha mtu. Na komeo la kueleweka. Jumapili ya mwisho wa mwezi nakuja kulikagua. Likiniridhisha, kaa kwako. Lisiponiridhisha, tunahamisha vyombo siku hiyo hiyo."

Kesho yake Bi Sindano akaenda kwa fundi wa kuchomelea. Fundi huyo aliitwa Milimita, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona ameshika futikamba. Alipima kwa kamba yenye mafundo, na mafundo mengine aliyakuta yamefungwa na babu yake. Hata hivyo mageti yake yalisifika. Kuna moja, wanasema, lilikuwa halimfungukii mwenye nyumba mpaka alevuke.

Milimita akamwonyesha picha kwenye simu. Kulikuwa na geti lenye jua linalochomoza, lenye tausi wawili, na lenye kichwa cha simba.

"Huyu simba amefanana na nani?"

"Na simba, mama."

"Amefanana na shemeji yangu. Sitaki kumwona kila asubuhi. Nipe bamba tupu."

Fundi alisikitika kama mpishi aliyeagizwa maji ya moto.

Alasiri alikuja na kamba yake kupima, Bi Sindano akimwelekeza kutoka kwenye benchi.

"Komeo likae wapi, mama?"

"Upande wangu."

"Upande wako."

"Upande wangu, fundi. Mimi ndiye nitakayefunga."

Milimita akamtazama vizuri pale alipokaa, akaongeza fundo moja kwenye kamba ili asisahau.

Nguzo zilisimikwa kwa zege, zikaachwa zikauke. Geti lenyewe lilifika Jumamosi, siku moja kabla ya ukaguzi, likiwa limebebwa na wanaume wanne waliokuwa wakilaumiana. Likaning'inizwa kwenye bawaba, likafungwa. Lilitoa mlio mmoja mfupi, kama mtu mzima anayeweka kikombe mezani. Bi Sindano akaridhika, akaingia uani, akalirudisha nyuma yake, akanyoosha mkono kutafuta komeo. Akapapasa bamba laini toka juu hadi chini.

"Fundi."

"Naam, mama," sauti ikajibu kutoka barabarani.

"Komeo liko wapi?"

"Liko huku, upande wako."

"Upande wangu ni huku nilipo."

"Hapana, mama. Huko unaingia kulala. Miaka saba napita hapa, sijakuona huko hata siku moja. Upande wako ni huku."

Bi Sindano akalipiga bamba kofi.

"Lihamishe."

"Umeme umekatika. Labda Jumatatu."

"Mwanangu anakuja kesho."

"Akilikagua kwa nje, atalipenda sana."

Jumapili mwana alifika na lori la kuhamishia vyombo likimfuata. Alilileta kwa tahadhari tu, alisema. Alimwamkia mama, akaligonga geti kwa vifundo vya vidole, akalisukuma kwa bega. Kisha akainama.

"Mama, komeo liko nje."

"Naliona."

"Komeo la nje linamzuia nani?"

"Ingia ulikague kwa ndani, mwanangu. Usihukumu upande mmoja."

Akaingia. Bi Sindano hakuwa amepanga lolote. Ila mkono uliodunga nusu ya mtaa haukuwa na desturi ya kuomba ruhusa. Ulilifunga geti, ukasukuma komeo. Kisha mwenye mkono akarudi kwenye benchi.

"Mama, umenifungia."

"Uko salama. Hakuna mwizi atakayekuona."

"Huku sioni kitu."

"Ndivyo ulivyoagiza."

Akapita mwanamke na mtoto mgongoni. "Shikamoo, bibi. Nani anaongea humo?"

"Marahaba. Mwanangu. Anapumzika."

"Nani huyo, mama?" sauti ikauliza nyuma ya bamba.

"Binti wa fundi cherehani. Mtoto wake amefanana na mume, masikini."

Kengele ya baiskeli ikalia, mtu akasalimia, Bi Sindano akajibu, wakacheka jambo fulani, mtu akaenda zake.

"Na huyo?"

"Yule rafiki yako wa shule, aliyekuwa akikuazima baiskeli."

"Yupo bado mtaa huu? Yukoje siku hizi?"

"Amenenepa."

"Amenenepa vipi?"

"Kueleza ni kazi. Ungekuwa huku ungemwona."

Dereva wa lori alizima injini, akafungua gazeti. Watu watatu walipita, kila mmoja akasalimia, na kila mara nyuma ya bamba viatu vilisogea, kama mtu anayetafuta ufa.

"Mama."

"Ee."

"Huyo dereva mwambie aende."

"Mwambie mwenyewe," alisema Bi Sindano, akainuka kumfungulia.

Jumatatu Milimita alikuja na vyombo vyake. Mtu wa bima alishampigia simu mapema na maagizo mapya: aweke komeo la pili kwa ndani, na akate dirisha kwenye bamba, usawa wa macho ya mtu aliyekaa. Alipomaliza, fundi akauliza kama komeo la nje alitoe.

"Liache," alisema Bi Sindano kutoka kwenye benchi. "Nina watoto wengine wawili."