Mkataba wa Tembo

Saa kumi jioni Yusta alikuwa nyuma ya gesti ya Pumzika Dereva, pale Mikumi, anasuuza mashuka ya chumba namba sita, tembo alipokuja upande wa kamba ya kuanikia akasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba," Yusta akajibu. "Hujambo?"

"Sijambo."

Tembo akasubiri malori mawili yapite, akavuka barabara, akarudi porini.

Ikawa hivyo kila siku. Hakuna aliyeona ajabu, maana Yusta ana miaka hamsini na saba, na tembo, kwa maelezo yake mwenyewe, alizaliwa mwaka wa mvua za elinino. Mdogo humwamkia mkubwa.

Yusta ni mjane kutoka Vidunda, milimani. Amefua hapo miaka kumi na moja, bado ni kibarua. Wa mapokezi na wa getini wana mikataba. Wanawake wa milimani, wanaofua na kupika, hawana. Mwaka huu jicho lake la kushoto liliingia ukungu. Daktari akamwambia ni mtoto wa jicho, anatolewa, alete tu kadi ya bima. Kadi inatoka na mkataba. Basi Yusta akaomba mkataba, kwanza kwa Mungu, halafu kwa Frank.

Frank ndiye meneja. Ana miaka thelathini na minne na hamwamkii Yusta. Anasema kazini shikamoo inafuata cheo.

Wageni walipoanza kuongeza siku ili wasikie tembo akisalimia, Frank aliitisha kikao. Yusta akasimama akaeleza shida yake.

"Mama Yusta, hapa hakuna ubaguzi," Frank akasema. "Tuna watu wa kila aina. Mapokezi yuko Bibiana wa Morogoro mjini, getini Lupakisyo wa Mbeya, nyuma mko nyie wa milimani. Tena nyie hamkatwi hata kodi. Mshukuru."

"Tunashukuru, bosi. Ila tukateni na sisi."

Selestina wa jikoni akacheka mpaka akaziba mdomo na kanga. "Jamani! Mtu analilia makato!"

Frank akafunga kikao. Aliona kosa ni moja tu: tembo ni mgeni, na mgeni hupokewa mbele, si kwenye kamba ya mashuka. Kesho yake akasimama mlangoni na Bibiana, wamevaa sare. Tembo alipofika karibu, Frank akasahau cheo.

"Shikamoo," akasema.

Tembo hawezi kuitikia marahaba kwa mtu aliyemzidi umri. Akalaza masikio kwa aibu, akazunguka nyuma kwa Yusta.

"Bosi, umemwamkia mdogo wako!" Lupakisyo akasema kutoka getini.

Jumatatu mwenye gesti alikuja kutoka Kilosa na bahasha. Alisema amefikiri sana juu ya haki. Anayeleta wageni kila siku bila maandishi anadhulumiwa, na yeye hataki kwenda mbele za Mungu na dhambi hiyo. Ameleta mkataba.

"Asante Yesu," Yusta akasema, akafuta mikono.

Mkataba ulikuwa wa tembo. Mkungu mmoja wa ndizi kwa siku, likizo siku ishirini na nane, na bima ya matibabu. Tembo akasomewa vifungu vyote. Akauliza kama kodi inakatwa kwenye ndizi. Akaambiwa ndiyo, chane moja. Akaridhika. Akakanyaga wino, akaweka mguu. Karatasi haikutosha, wakaongeza tatu.

Akahitajika shahidi anayemfahamu mwajiriwa. Yusta akaitwa. Alifumba jicho la kushoto ili mstari ukae sawa, akaandika majina yake yote matatu kwa mwandiko wa shule ya msingi, taratibu. Ilikuwa mara ya kwanza jina lake kuingia kwenye karatasi za gesti. Akamshukuru Mungu kwa hilo, na kwa kuwa kijana wa watu sasa akiumwa atatibiwa.

"Hongera, mwanangu," akasema.

"Asante, mama."

Tembo akaigeuzageuza ile kadi ya bima kwa mkonga, akauliza hospitali iko upande gani. Yusta akamwelekeza vizuri, maana njia anaijua.