Kisanduku cha Kwanza

Barua ilitoka makao makuu ya jimbo, ukurasa mmoja na nusu, na kwa wiki nzima mji wa Tarpley haukuwa na habari nyingine. Maandishi ya Mtaa wa Depo yafutwe ndani ya siku arobaini. Barabara ni ya magari, barua ilisema, si ubao wa kuandikia.

Maandishi yenyewe yalikuwa ya njano, kila herufi ndefu kama magari mawili yaliyofuatana, na yalisema kwamba maisha ya watu Weusi yana thamani. Kwa Kiingereza chao ni maneno matatu, herufi kumi na sita. Yalipakwa mwaka ule wa barakoa, baada ya watu kuandamana siku tisa kwa ajili ya kijana aliyepigwa risasi na polisi akirudi kutoka kazini. Kila herufi ilipewa watu wake: hii ya vinyozi, hii ya walimu, hii ya bendi ya shule. Kanisa la Mlima Nebo lilipewa T ya pili katika neno la mwisho.

Verlene Pettway aliipenda T ile kwa sababu za watu wote, na kwa sababu moja ya kwake. Roscoe, mumewe, alikuwa hai bado. Mapafu yalikuwa yamekwisha, na mtungi wa hewa alikuwa akiuburuta kila aendako, lakini siku ile aliomba kiti cha kukunja na brashi, akapaka mguu wa herufi mpaka chini. Alipoinuka akakanyaga rangi mbichi, akapanda ukingoni mwa barabara, na kuacha unyayo mmoja wa kiatu chake kikubwa, namba kumi na tatu, kwenye njia ya waenda kwa miguu, mbele kabisa ya duka la vitambaa la Darla Stroud. Watu wakacheka.

"Usinifokee, Verlene," Roscoe alisema akihema. "Wengine wamepaka tu. Mimi nimetia sahihi."

Walimzika Novemba. Unyayo ukabaki. Kila Jumatatu Verlene alikwenda posta kwa kupita Depo, ingawa Mtaa wa Kanisa ulikuwa mfupi zaidi, na hakumwambia mtu kwa nini.

Sasa barua ile haikuwa amri ya kufunga mjadala. Wakili wa mji alisema wanaweza kuikataa na kwenda mahakamani, ila lazima baraza lipige kura. Madiwani walikuwa watano. Wawili walitaka maandishi yabaki, wawili walitaka yafutwe, na wa tano alikuwa Lyle Godbee, fundi wa mashine za kukata majani, mtu asiyependa kugombana na mteja wa upande wowote. Godbee alikwenda kwenye redio ya mji akasema, "Mimi siegemei popote. Siku ya kikao mlangoni kuna kadi za maoni. Kadi zitakavyosema, na mimi hivyohivyo."

Basi vita ikawa ya kadi.

Jumapili mchungaji wa Mlima Nebo aliwaambia waumini waende wote, na wakifika wamsikilize Dada Verlene. Hapakuwa na haja ya kusema zaidi. Kwa miaka thelathini na moja Verlene alikuwa mkuu wa wahudumu wa mlangoni. Akivaa glovu zake nyeupe, mkono mmoja nyuma ya kiuno, mwingine ukionyesha, aliweza kuketisha watu mia nne bila kufungua mdomo, na hata watoto watundu walikwenda pale kidole kilipowaelekeza.

Jumanne saa nne asubuhi alikuwa ameshasimama kwenye korido ya jumba la mji, glovu mkononi. Watu wake walikuja: akina mama na kofia zao, wazee wa nyumba ya kutunzia wazee kwa basi lao dogo, na kundi la wafanyakazi wa kiwanda cha kuku ambao zamu yao ilikuwa inaanza saa sita mchana. Karani alikuwa ameweka kadi mezani. Kadi yenyewe ilikuwa na mstari wa jina, mstari wa anwani, na chini yake: *Hoja ya 7, Alama za Mtaa wa Depo*. Halafu visanduku viwili. *Naunga mkono. Napinga.*

Verlene aliitazama mara moja tu. "Kisanduku cha kwanza," akawaambia. "Tia tiki kisanduku cha kwanza, mpe karani, ingia, kaa kushoto. Msizibe njia."

Shemasi Thurman Oakes, mzee wa miaka themanini na mmoja, aliishika kadi mbali na macho, kisha karibu, kisha mbali tena.

"Dada Verlene, hapa tunaunga mkono nini?"

"Miwani yako iko wapi, Shemasi?"

"Iko salama. Iko nyumbani."

"Basi niamini mimi. Tunaunga mkono herufi zetu."

"Naona imeandikwa hoja. Hoja si ni kitu kinachotakiwa kufanywa?"

"Shemasi, una watu kumi nyuma yako."

"Haya, mkuu. Miaka hamsini mke wangu amenizoeza kutia sahihi bila kusoma." Akatia tiki, na watu wakacheka, na foleni ikasogea.

Darla Stroud alikuja na watu wake saa nne na nusu. Yeye na Verlene walikuwa wamepika pamoja jikoni mwa shule ya msingi miaka kumi na tisa, Mweupe na Mweusi, wakimenya viazi kwenye karai moja, kabla Darla hajarithi duka la mama yake. Maandishi yalipopakwa hakusema kitu. Mwaka wa pili alisema yanateleza mvua ikinyesha. Mwaka wa tatu alimwambia Verlene ukweli, wakiwa kwenye foleni ya posta: "Kila nikifungua dirisha naona kama nashtakiwa, na kesi yenyewe siijui." Verlene alimjibu kwamba barabara haijamtaja jina. Tangu hapo salamu zao zilikuwa za juujuu.

"Verlene," alisema Darla sasa.

"Darla."

Darla akajaza kadi yake, akanyoosha mkono kuiweka juu ya rundo la karani. Mkono ukasita hewani. Aliitazama kadi iliyokuwa juu, akamtazama Verlene, akafungua mdomo kama mtu aliyesahau jina la mtu. Kisha akaiweka kadi na kuingia ndani. Verlene aliona yote hayo, akadhani ni haya ya kukutana.

Watu walizungumza saa nzima na nusu, dakika mbilimbili kila mmoja, taa ndogo ikigeuka kutoka kijani kuwa nyekundu. Mtu mmoja alisema barabara za umma zisiwe za upande mmoja. Mwalimu mmoja akamuuliza ni upande gani huo ambao hautaki watu waishi. Kijana wa chuo alisoma barua yote ya jimbo kwenye simu, haraka haraka, akakatwa na taa katikati ya sentensi. Kufika saa tano na nusu watu wa kiwanda cha kuku walianza kuinuka mmoja mmoja, wakimpungia Verlene mkono. Ukichelewa zamu mara mbili, kazi hakuna. Basi la wazee nalo likaja kuwachukua kwa chakula chao cha mchana. Verlene aliwasindikiza hadi mlangoni akawashukuru. Kadi zao zilikuwa zimebaki, na alijua kadi ndizo zinazohesabiwa.

Saa sita na robo karani alisimama akasoma.

"Hoja ya saba. Wanaounga mkono, mia moja arobaini na wanane. Wanaopinga, thelathini na saba."

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Upande wa kushoto walipiga, kofia zikatikisika, mtu akasema asante Yesu. Upande wa kulia nao walipiga, wengine wamesimama. Ikawa hivyo kwa muda ambao mtu angeweza kumenya kiazi. Kisha watu wa kushoto wakawaona wa kulia, na wa kulia wakawaona wa kushoto, na makofi yakapungua, yakapungua, mpaka akabaki Shemasi Oakes peke yake, ambaye masikio yake nayo hayakuwa mazuri. Alipiga mawili, matatu zaidi, halafu akaishusha mikono yake magotini.

"Hoja," alisema mwenyekiti wa baraza polepole, "ni kuondoa alama za Mtaa wa Depo. Ndivyo ilivyo kwenye ajenda."

Ajenda ilikuwa imebandikwa mlangoni. Verlene alikuwa ameiegemea asubuhi yote.

Alihisi jasho ndani ya glovu. Wale thelathini na saba aliwajua bila kuambiwa: vijana wa chuo, vinyozi, walimu, watu waliosoma. Wengine wote wa upande wake walikuwa wamefuata kidole chake. Akainua mkono, kiganja wazi, kama anavyouinua kanisani kumsimamisha mtu wakati wa maombi, na ukumbi ukanyamaza hata upande wa kulia.

"Naitwa Verlene Pettway, na kosa ni langu," alisema. "Watu wa Mlima Nebo wametia tiki nilipowaambia. Walitaka herufi zibaki. Mimi ndiye sikusoma."

"Mama Pettway, muda wa wananchi umefungwa."

"Najua. Nimeufungua tena kidogo."

Watu wachache wakacheka, si kwa furaha. Mwenyekiti alimgeukia Godbee, maana wote walijua shauri lilikuwa mikononi mwake. Godbee alizungusha kalamu.

"Nakuamini, Bi Verlene," alisema. "Tufanye hivi. Aliyetia tiki ya kwanza akitaka maandishi yabaki, asimame. Karani ahesabu."

Upande wa kushoto ukasimama. Verlene aliwatazama, na kabla karani hajamaliza yeye alikuwa ameshamaliza, kwa mazoea ya miaka. Thelathini na wawili. Asubuhi waliingia themanini na tisa. Viti vya watu wa kiwanda vilikuwa vitupu. Viti vya wazee vilikuwa vitupu.

"Wengine wako kazini," alisema. "Wako kwenye mstari wa kuku sasa hivi. Mkiahirisha hadi kesho asubuhi watakuja."

Godbee alifanya hesabu yake kwenye karatasi, akaitazama muda mrefu kuliko hesabu ndogo kama ile inavyohitaji. "Hata hivyo za kuondoa zimezidi," alisema. "Nilisema nitafuata kadi. Nikianza kuahirisha, kesho nitaambiwa nimenunuliwa." Alionekana mgonjwa kidogo. Alionekana pia kama mtu aliyeshushiwa mzigo, na hilo Verlene hakumsamehe.

Watatu kwa wawili. Ziondolewe.

Kwenye ngazi za nje watu hawakumlaumu. Afadhali wangemlaumu. Akina mama walimshika bega, na Shemasi Oakes alimpa mkono akashuka naye ngazi moja moja.

"Mimi niliuliza swali," alisema mzee.

"Uliuliza, Shemasi."

"Nisingeleta mzaha ungelijibu." Akatafuta miwani mfukoni, ambamo haikuwamo. "Tugawane. Nusu yako, nusu yangu."

"Si vya kugawana hivi," alisema Verlene.

Mashine ya kukwangua lami ilikuja wiki mbili baadaye, Alhamisi asubuhi. Verlene alifika mapema, bila glovu. Wafanyakazi wanne wa kampuni ya nje walianza na herufi ya kwanza, na vumbi la njano likaingia kwenye nywele, kwenye madirisha, kwenye majani ya miti ya barabarani. Walikuwa vijana wenye adabu. Hawakumtazama mtu usoni.

Darla alitoka dukani na kiti cha kukunja, akakifungua karibu na Verlene. Verlene hakukaa.

Neno la kwanza likaisha, la pili likaisha. Mashine ilipofika kwenye M, Darla alisema bila kumgeukia, "Kadi yako ilikuwa juu ya rundo. Ulikuwa umeandika jina kwa herufi kubwa."

Verlene akamgeukia.

"Niliona mmetia tiki ile ile ya kwetu. Kwanza nikafikiri mmebadili mawazo. Halafu nikajua hamjabadili."

"Ulijua hapo hapo?"

"Hapo hapo."

"Watu wangu wote walikuwa kwenye korido, Darla. Dakika kumi zingetosha."

"Najua."

"Wala hukuhitaji kusema kwa mdomo. Ungenionyesha kwa kidole tu."

"Najua, Verlene."

Mashine ilipita juu ya T ya kwanza. Kisha ikashika kichwa cha T ya pili na kuteremka polepole kwenye mguu, pale brashi ya Roscoe ilipokuwa imetetemeka na ukingo ukapinda, na Verlene akautazama ukingo uliopinda mpaka ukawa vumbi. Mfanyakazi mmoja akapanda ukingoni na karatasi yake. Akauona unyayo.

"Na hii?" akauliza. Alimuuliza Verlene, labda kwa jinsi alivyokuwa amesimama. "Hapa wameandika alama zote pamoja na zinazohusiana nazo. Hii inahusiana?"

Akampa karatasi aisome. Verlene aliisoma tangu juu, nambari ya kazi, tarehe, jina la mtaa, mpaka chini kabisa, kisha akairudia. Ilisema kama kijana alivyosema. Alijua jibu la kweli na akajua jibu jingine, na ulimi haukuchagua hata moja.

"Hiyo ni ya duka," Darla akasema. "Fundi wangu alimwaga rangi akipaka mlango. Iache."

Kijana akautazama mlango wa duka, uliokuwa wa bluu na haukuwahi kuwa na rangi nyingine. Akamtazama Darla. Akachukua karatasi yake kutoka mkononi mwa Verlene na kushuka barabarani.

Darla alisubiri. Verlene alijua anasubiri nini, na akalitafuta neno hilo la kusamehe ndani yake kwa haki kabisa, kama mtu anavyotafuta ufunguo katika mkoba anaoujua. Alipata dakika kumi za korido, na kiti hiki, na viazi vya miaka kumi na tisa, na unyayo. Neno lenyewe hakulipata.

Akakikunja kiti, akakiegemeza kwenye mlango wa bluu, taratibu kisije kikauchubua. Halafu akavuka na kurudi nyumbani kwa upande wa pili wa barabara, akikanyaga lami iliyokwanguliwa, nyeupe kama kovu, yenye umbo la herufi.