Uzi wa Viti, Uzi wa Mkanda

"Kwa kushona viti vya gari hakuna anayenifikia, kuanzia ua huu mpaka ule wa jirani," alisema dada mtu, sindano ikiwa mdomoni. Akaitoa. "Ingawa ule wa jirani wanafuga kuku."

Fundi rangi alicheka mpaka akaweka bomba lake la kupulizia chini. Mdogo mtu hakucheka. Alikuwa amejikunja ndani ya gari la zamani, kichwa chini, miguu nje, akirudisha kasha la springi la mkanda wa mbele mahali pake kwenye nguzo ya mlango.

Gari lilikuwa la Mzee Meno, aliyeng'oa meno ya mji mzima mpaka alipostaafu. Baada ya hapo, kwa kukosa cha kung'oa, akaenda kulifunua gari lake lililolala chini ya turubai miaka ishirini na mbili. Alilileta kwa ndugu hawa wawili waliofanya kazi chini ya bati moja: viti kwa dada mtu, mikanda kwa mdogo mtu. Sharti lake lilikuwa moja tu, mikanda iwe ile ile iliyokuja na gari. Mkewe alikuwa mwoga wa barabara, na mkanda asioujua hauamini.

Kwa wiki sita mdogo mtu aliishi na mikanda ile kama mtu anayeuguza. Alichora kila mshono kwenye daftari kabla ya kuufumua, akahesabu matundu. Utepe wa mkanda uliochakaa aliagiza mwingine wa ufumaji ule ule, rangi ile ile ya majivu. Uliokuwa mzima aliufua kwa maji ya vuguvugu, akauanika kivulini, maana jua hula nguvu ya utepe. Vifungo alivisugua kwa mswaki. Lebo ya kiwandani, ndogo kama ukucha, akaishona tena pale pale ilipokuwa.

Dada mtu aliyaona yote hayo kwa jicho la pembeni, na jicho lake la pembeni lilikuwa zima kuliko yale mawili ya mbele.

"Huo uzi wako una nini cha ajabu?" aliuliza siku moja. "Wangu ni rangi hiyo hiyo."

"Dada, uzi wa viti unabeba makalio. Huu unabeba mtu mzima gari likisimama ghafla. Wako utakatika."

"Makalio nayo ni ya mtu mzima," alisema dada mtu, akakanyaga cherehani kwa nguvu ili asisikie jibu.

Siku ya kukabidhi, Mzee Meno alifika mapema. Alibonyeza viti, vile ambavyo dada mtu alikuwa amevikatia ngozi, akaivuta, akaishona mpaka vidole vikaota sugu juu ya sugu.

"Vizuri," akasema.

Neno moja. Kisha akauvuta mkanda wa abiria, akauachia, akauvuta tena. Akaiona lebo. Akavaa miwani, akaivua, akajifuta macho kwa mkono wa shati.

"Huu ndio wenyewe," alisema taratibu. "Binti yangu, umefanyaje? Ngoja nikamlete mama aone kwa macho yake."

Akaondoka mbio mbio, kwa mbio za umri wake. Mdogo mtu akaenda kuoga ili wageni wamkute safi. Fundi rangi, akielekea kutafuta chai, akasimama mlangoni.

"Dada mkubwa, leo umepitwa na utepe."

"Nenda kanywe chai yako, isije ikapoa kwa maneno."

Dada mtu akabaki peke yake na gari. Alitaka kuangalia tu. Kuangalia si kosa. Nani alimfundisha yule kushika sindano? Nani alimpa kigoda cha kufikia cherehani? Leo yeye anaitwa binti yangu, na mwalimu wake anaambiwa vizuri, kama mtoto aliyemaliza uji.

Lazima kulikuwa na kasoro mahali. Akachukua kisu cha kufumulia, akakata nyuzi mbili kwenye kisanduku cha mshono wa mkanda wa abiria, ule mraba unaobeba uzito, karibu na lebo. Hakuona kitu. Akakata nyingine nne. Kisha safu nzima. Chini ya lebo akakuta ncha ya uzi imekunjwa mara tatu na kufichwa ndani, isionekane wala kukwaruza. Hiyo ilikuwa namna yake yeye, aliyoibuni ujanani na ambayo hakuwahi kumwonyesha mtu. Yule alikuwa akimtazama, miaka yote, akishika kimya kimya.

Mwingine angefurahi. Dada mtu aliona ameibiwa.

Ndipo akasikia maji yakizimwa bafuni, na akili ikamrudia. Alitafuta uzi wa mkanda mezani, kwenye droo, chini ya daftari. Haukuwepo, ulikuwa umeisha wote. Akachukua wake. Alishona kwa mkono, tundu kwa tundu, katika matundu yale yale, akakunja ncha mara tatu. Mshono ulipokwisha aliutazama kwa mbali, na Mungu amsamehe, aliuona mzuri.

Mdogo mtu alirudi, akapitisha kidole juu ya mshono. Kidole kikasita.

"Dada, umeugusa huu?"

"Mimi? Nimeshinda na viti vya nyuma hapa. Utepe wako nitaugusa wa nini?"

Kabla hajaulizwa zaidi, Mzee Meno aliingia akimwongoza mkewe, mama mdogo wa umbo aliyeshika mkoba kwa mikono miwili. Wakamwingiza kwenye kiti. Akauvuta mkanda, akaufunga, ukalia tak. Mabega yake, yaliyokuwa yamepanda karibu na masikio, yakashuka.

"Ni wenyewe," akasema. "Twende hata barabara kuu."

Mzee Meno akawasha injini. Fundi rangi akafungua geti.

Dada mtu alijiambia anyamaze. Barabara ni fupi. Mzee anaendesha polepole. Lakini yule mama alikuwa ameweka kiganja juu ya mkanda, pale pale kwenye mshono, kama mtu anayemshika mwenzake mkono.

"Zima gari," alisema dada mtu, ameshakishika kitasa cha mlango. "Mama, shuka. Mkanda huo hautakushika. Umeshonwa kwa uzi wa viti."

Injini ikazimwa.

"Wa viti?" Mdogo mtu alikuwa nyuma yake, sauti ya chini. "Umejuaje, dada? Si hujaugusa?"

Dada mtu akafungua mlango. Aliinama, akabonyeza kifungo, na mkanda ukaanza kurudi ndani ya kasha lake, polepole, kwa mlio mwembamba wa springi. Wote watano wakautazama mpaka ulipokwisha.