Taa ya Pinki ya Bawa la Kushoto

Ni mimi niliyesema, tena kwa kujigamba, kwamba taa za ndege ni taa tu kama taa nyingine. Kaka yangu alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa karakanani kwake, anatazama kwenye simu picha za taa halisi za ndege, zile zenye vyeti, na alikuwa amenywea kabisa. Ndege ile aliijenga mwenyewe nyuma ya nyumba, Jumamosi kwa Jumamosi, likizo kwa likizo: viti viwili, mbavu za mbao, ngozi ya bati jembamba. Majirani walimwita Rubani wa Bati. Ilibaki taa, na jozi moja tu ilitaka kulingana bei na injini.

"Weka hiyo simu," nikamwambia. "Mimi nafunga taa za malori kila siku. Niachie mimi."

Mimi ni fundi umeme wa magari. Mdomo ninao, lakini na mikono ninayo. Nikanunua LED nyeupe za pikipiki, nikaenda kwa wauza vyuma chakavu nikaokota vifuniko viwili vya kioo, chekundu na kijani. Kwa asiyejua, ndege hubeba taa nyekundu kwenye bawa la kushoto, kijani kwenye la kulia, na nyeupe mkiani. Ukisimama gizani ukaona nyekundu kulia kwako na kijani kushoto kwako, ujue inakujia. Ukiona nyeupe peke yake, inakwenda zake.

Kijani ilikubali. Nyekundu ikanigomea. LED nyeupe ukiiweka nyuma ya kioo chekundu haikupi nyekundu, inakupa pinki, pinki ya rangi ya kucha za bei rahisi. Kaka alicheka mpaka mbavu zikamuuma.

"Fundi Mkuu, hii ni ndege au saluni?"

"Inaonekana, haionekani?"

"Inaonekana."

"Basi funga bakuli lako."

Mkewe hakucheka. Alinivuta jikoni, mikono yake ina povu la sabuni. "Wifi, mimi umeme siujui. Lakini huyo mtu ana watoto, na humo ndani anapanda kwa sababu anakuamini wewe. Likimpata jambo, sitamlaumu mwingine." Nikamjibu kwa utani, ila maneno yale sikuyasahau.

Siku ya kujaribu, jua lilipozama, nilitembea mpaka mwisho wa uwanja wa nyasi ulio mbele ya karakana, ambao ndege ingerukia, pale inapoanza miti ya machimbo ya mawe yaliyoachwa. Mpango wetu ulikuwa nimpigie simu, awashe taa, nione kama zinafika. Nilipogeuka nikaziona tayari, juu kidogo ya paa la karakana.

"Safi sana," nikamwambia kwenye simu. "Ila pinki inapepesa. Kuna waya umelegea."

"Fundi Mkuu, mbona sijawasha? Bado natafuta bisibisi."

Nikatazama tena. Zilikuwa zinapanda. Pinki kulia kwangu, kijani kushoto. Zikanijia, zikapita juu ya kichwa changu bila mlio, hata upepo sikuusikia, kisha nikaona ile nyeupe ya mkiani ikishuka nyuma ya miti. Mng'ao wa pinki ulipepesa kwenye majani, ukazimika, na zote zikazimika. Nikasubiri kishindo. Hakikuja. Sitasema nilishtuka. Niliogopa, nikakaa chini kwenye nyasi.

Nilirudi nikafungua bawa la kushoto bila kumwambia mtu kitu. Kweli, waya mmoja ulikuwa umeshikizwa ovyo, na kazi hiyo ovyo ilikuwa yangu. Nikaurudia vizuri, nikaitikisa taa, nikaipiga kofi, ikatulia tuli. Nikafikiri yameisha.

Kesho yake nilimbeba kaka mzimamzima mpaka mwisho wa uwanja. Ndege ilikuwa karakanani, mlango umefungwa, ufunguo mfukoni mwangu. Zikaja vilevile. Pinki bado inapepesa.

"Unaona?"

"Naona popo," akasema. "Macho yako yamechoka, mdogo wangu. Nenda ukalale."

Sikulala. Usiku huohuo nikazing'oa taa zote tatu nikazitia kwenye mfuko wa zana. Alipogundua alifoka, nami nikafoka zaidi, maana katika nyumba yetu hakuna aliyewahi kunishinda kwa kelele.

"Utaruka mchana! Mchana hauhitaji taa. Nitajinyima nikununulie nyekundu ya kweli, lakini na hii hupandi."

"Wewe ulidekezwa sana," akasema. Lakini akakubali.

Aliruka Jumamosi alasiri. Majirani waliomcheka walipiga makofi, na wifi alijifunika uso kwa mikono akawa anachungulia kati ya vidole. Alitakiwa azunguke kidogo arudi. Akazunguka, akatupungia bawa, halafu akanogewa, akaelekea milimani. Huko wingu likashuka likafunika kila kitu. Tukapiga simu, haikupokelewa. Majirani wakaondoka mmoja mmoja bila kuaga. Jua likaanza kuzama.

"Zile taa umezitoa?" wifi akaniuliza.

"Nimezitoa."

Akanipa mgongo, akaendelea kutazama milimani. Afadhali angenitukana.

Nikachukua mfuko wa zana, nikabeba betri ya gari kifuani, nikakimbia mpaka mwisho wa uwanja. Mbingu ilikuwa imeshakuwa rangi ya majivu. Ndipo nikaziona tena. Pinki inapepesa, kijani imetulia, zinanijia kimya kama siku zote. Lakini safari hii nyuma yake kulikuwa na mlio. Injini ninayoijua, injini ya kaka, inakuja gizani bila taa hata moja. Alikuwa anazifuata, na zilikuwa zinaelekea kwenye miti ya machimbo.

Sikutafuta swichi. Nilibana nyaya kwenye betri kwa vidole vyangu, zikaniunguza, na ile taa yangu ya aibu ikawaka. Pinki, imetulia tuli. Nikaisimamisha juu ya betri ikitazama mbinguni, nikapiga mayowe na matusi ambayo sikujua kama ninayajua. Zile za kimya zikapita juu yangu zikaendelea. Mlio wa nyuma ukasita, ukapinda. Ndege ikashuka kwenye nyasi, ikaruka, ikagonga, ikaruka tena kama mbuzi, ikasimama.

Kaka alitoka akiwa ameshikilia bawa. Wifi alifika anahema, akampiga ngumi za kifua, kisha akamkumbatia na kulia kwa sauti.

"Yule aliyekuwa mbele yangu yuko wapi?" kaka akauliza.

"Nani?"

"Nilipotoka kwenye wingu sikuona ardhi. Nikaona nyeupe ya mkiani mbele yangu, na mng'ao wa taa yako ya saluni kwenye bawa lake, nikasema huyu njia anaijua. Nikamfuata. Halafu nikaona ya pili, chini. Ya mbele inapepesa, ya chini imetulia." Akaitazama ile taa juu ya betri. "Nikasema, dada yangu angekwisha kuitengeneza."

Nami nikalia.

"Nilimkaribia sana," akaongeza polepole, wifi asisikie. "Amevaa shati langu hili. Hakugeuka hata mara moja."

Siku hizi ndege ina nyekundu ya kweli. Niliinunua kwa kujinyima kama nilivyoahidi. Ile ya pinki nimeifunga kwenye nguzo mwisho wa uwanja, imetazama juu, na kila jioni naenda kuiwasha. Yule mwenye shati la kaka naye hupita kila jioni, taa yake inapepesa, anakwenda kule kule kwenye miti. Wifi ananiona nikitoka na betri na hajawahi kuniuliza.

Kaka hakuwa akija. Jana alikuja, akakaa karibu yangu kwenye nyasi, na mara hii hakusema habari za popo. Taa zilipofika juu yetu nilimsikia akinong'ona, "Geuka, bwana. Iko hapa chini. Geuka."

Hakugeuka. Leo pia nitaiwasha.