Mwenza wa Furu

Bi Sikuzani alikuwa amekwisha kukubali tangu nyumbani, Rhotia. Kilichobaki ni kunawa mikono tu. Kwa watu wake, mlezi akila pilau ya mposaji, binti keshatolewa, hakuna tena kurudi nyuma. Kurwa, mjukuu wake, hakuwa na baba wala mama. Mahindi ya mwaka ule yaliungulia shambani kwa jua, na bibi mwenyewe alikuwa na kikohozi kisichomwacha. Matano, huyo mposaji, alikuwa na duka lenye paa la bati hapo Karatu, mkono wazi na sauti ya upole. Kwamba alikuwa na mke tayari, hilo halikuwa jambo. Na yule mke wa pili, binti wa Kondoa ambaye hakumaliza hata masika mawili, Matano alimweleza mwenyewe bila kuulizwa. "Hakuzoea baridi ya huku, Bibi. Akarudi kwao."

Huko kwa Matano walimkalisha Sikuzani sebuleni, kwenye kiti kinachotazama sanduku kubwa la kioo. Matano alilinunua kwa mzungu mmoja wa mashamba ya kahawa ya Oldeani, aliyekuwa akifungasha vyake kabla Uhuru haujafika. Ndani mlikuwa na maji, kokoto, mawe machache, na kigae cha chungu kilichofukiwa kikawa kama pango. Mbele ya pango alielea samaki mmoja, furu wa ziwa la Mwanza, bluu iliyokoza, mkia mwekundu. Hakuwa mkubwa, kiganja kingemfunika. Lakini alimkazia Sikuzani macho kama mtu anayeuliza, umefuata nini hapa?

"Mpweke huyo," Matano akasema akicheka. "Leo dereva wa lori kaniletea mwenzake. Mkaribishe wewe, Bibi, una mkono wa baraka."

Akamkabidhi kopo. Samaki aliyekuwemo alikuwa mdogo, rangi ya majivu.

Sikuzani akafanya kama alivyolelewa. Mgeni haachwi mlangoni, huingizwa ndani kabisa. Akalizamisha kopo taratibu, akalielekeza pale pangoni.

Furu hakungoja. Aligeuka mara moja tu, na kipande cha mkia wa mgeni kikabaki kinaelea peke yake. Mdogo akakimbilia kona, akafukuzwa. Akakimbilia juu, akafukuzwa.

"Watazoeana tu hao!" alisema Matano. Mtu akaita dukani, anataka chumvi, naye akatoka.

Mwamini, mke wake wa kwanza, alikuwa amesimama kizingitini na birika la kunawia na beseni.

"Umemtia nyumbani kwa mwenyewe," alisema, wala hakukasirika.

"Nilidhani namkaribisha, mwanangu."

"Wote hudhani hivyo." Akaweka beseni chini. "Huyo furu mimi ndiye ninayemlisha, namjua. Kuishi na wenzake anaweza, tusimsingizie. Lakini aletewe wa umbo lake, wa kumgeukia akichokozwa. Au waje wengi kwa pamoja, asijue amwandame yupi. Na kabla hawajaingia, unatoa mawe yote unayapanga upya, ili hata yeye asijue kwake ni wapi. Sasa mdogo, peke yake, na pango ni lilelile?" Akatikisa kichwa. "Huyu ni wa tatu."

"Na wale wawili?"

"Matano anasema hawakuzoea baridi."

Sikuzani akachovya kidole. Maji yalikuwa vuguvugu. Aliinama akatazama chini ya sanduku. Chemli ilikuwa inawaka humo, moto wake mdogo, kioo kimefutwa, utambi umekatwa sawasawa. Kuna mtu aliyeitunza kila siku.

"Mbona wewe hukuyapanga hayo mawe?"

"Nyumba hii nimeijenga na Matano ikiwa bado ya udongo, Bibi." Mwamini alitabasamu, na tabasamu lenyewe halikuwa baya, ndiyo maana mwili ulimsisimka Sikuzani. "Sipangi kitu upya. Nakwambia mapema, maana mjukuu wako nimemwona hapo nje, ni mdogo. Haya, karibu unawe."

Akainamisha birika. Maji yakaanguka kwenye beseni tupu, kwa kuwa Sikuzani aliificha mikono yake ndani ya kanga.

Kisha akainuka, akatia kopo ndani ya sanduku, akamteka yule mdogo. Haikuwa kazi. Alikuwa amelala ubavu.

"Huyu naondoka naye."

"Atakufa njiani."

"Na afe njiani."

Uani Kurwa alikuwa amekaa kwenye benchi, harufu ya pilau imemjaa puani. "Bibi, si hatujala!"

"Tutakula nyumbani."

"Nyumbani kuna nini, Bibi?"

"Kuna uji. Inuka."

Matano akachungulia dirisha la duka. "Bibi! Vipi tena?"

"Kikohozi, baba," alijibu, na mkono wa Kurwa hakuuachia.

Mwamini aliwasindikiza mpaka barabarani, kwa adabu zote. "Usione haya, Bibi. Ijumaa wanakuja watu wa Mbulumbulu. Nao wana binti."

Sikuzani alisimama. "Ana umri gani?"

"Mdogo," alisema Mwamini, akageuka kurudi ndani kuongeza mafuta kwenye chemli.